Kupanda mrowani nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya yanatoka kwa Waswahili walioweka makazi Uingereza, Norwei, Uswidi, Ufini na Ujerumani: watu waliokulia kwenye migomba na miembe, ambao sasa wana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba na hawajui wapande nini kitakachohimili barafu. Machache yanatoka nyumbani, Afrika Mashariki. Majibu ni marefu pale ambapo kosa lina gharama, na mafupi pale ambapo mti wenyewe unajimudu.

Mrowani ni mti gani?

Ni Sorbus aucuparia, mti wa familia moja na waridi, tufaha, peasi na plamu. Aliyekulia nyanda za juu za Afrika Mashariki anaijua miti miwili ya familia hiyohiyo: Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri, na Hagenia abyssinica, unaoota juu kabisa ya msitu kwenye Mlima Kenya na Kilimanjaro. Jani la hagenia na jani la mrowani yamejengwa kwa mpango mmoja, yaani ubavu wa katikati na vijani vyenye meno vilivyopangwa huku na huku.

Mti uliokomaa hufika mita 8 hadi 15. Maua meupe hufunguka Mei na Juni, matunda huanza kuiva Agosti, na Oktoba majani hugeuka manjano na mekundu kabla ya kupukutika. Porini unaota kuanzia Iceland hadi Siberia. Skotlandi hupanda milimani hadi karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko mti mwingine wowote wa Uingereza. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba utakufa kwa baridi iondoe kabisa.

Bustani yangu ni ndogo. Kwa nini nipande huu badala ya mti wa matunda ninayoyajua?

Kama una nafasi ya mti mmoja tu, na unachotaka ni kuchuma tunda na kulila papo hapo, panda tufaha. Lakini kama unataka mti usiokudai dawa kila mwaka, usioziba jua lote, na unaokupa kitu cha kutazama kuanzia Mei hadi Novemba, sijui mti unaoushinda huu katika nchi za kaskazini. Majani yake ni membamba na kivuli chake ni chepesi, hata sukuma wiki iliyopandwa pembeni yake hupata mwanga wa kutosha. Nyuki huja kwenye maua, ndege huja kwenye matunda, nawe ukitaka utapata chupa kadhaa za jeli.

Dukani niulize kwa jina gani?

Uingereza ni rowan, na wazee wengine husema mountain ash. Ujerumani ni Eberesche au Vogelbeere, Uholanzi lijsterbes, Ufaransa sorbier des oiseleurs, Uswidi rönn, Norwei rogn, Ufini pihlaja. Njia salama zaidi ni kusoma lebo: likiwepo jina Sorbus aucuparia, umefika. Likiwepo Sorbus na jina jingine nyuma yake, huo ni ndugu yake, na huenda unakufaa zaidi. Soma jibu linalofuata.

Nichague aina gani?

Anza na swali la urefu. Mrowani wa kawaida wa porini ni wa bei nafuu na mgumu kuliko yote, lakini baada ya miaka ishirini utakuwa umepita paa la nyumba ya ghorofa moja. Penye upana mdogo, tafuta aina zinazokwenda juu bila kutanuka, kama 'Sheerwater Seedling' au 'Fastigiata'.

Ukitaka mti mdogo kweli, Sorbus vilmorinii kutoka kusini-magharibi mwa China huishia takriban mita 5. Matunda yake huanza mekundu meusi, yakaendelea kufifia hadi kuwa waridi na karibu meupe. Sorbus cashmiriana, wa upande wa Kashmir, una matunda meupe makubwa yanayobaki mtini majani yakishapukutika. 'Joseph Rock' ana matunda ya manjano na majani yanayowaka rangi Oktoba. Ni mti mzuri mno, lakini hushikwa kwa urahisi na ule ugonjwa wa bakteria nitakaoueleza chini, basi usiupande kama jirani yako ana peasi au tufaha zenye ugonjwa huo.

Kama nia yako ni jikoni, usinunue mojawapo ya hizo. Tafuta 'Edulis'. Asili yake ni milima ya Moravia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, ambako mwanzoni mwa karne ya 19 ulionekana mrowani wenye matunda yasiyo na ule uchungu mkali. Ukaenezwa kwa kubebesha, na mpaka leo kila 'Edulis' halisi ni kikonyo kilichobebeshwa kwenye shina la mrowani mwingine. Urusi nayo ina ukoo wake wa mirowani mitamu, na mzalishaji wa mimea Ivan Michurin aliuchanganya mrowani na jamaa zake akapata aina kama 'Burka' na 'Granatnaya', ambazo vitalu vya Ufini na nchi za Baltiki huziuza.

Nipande sehemu gani ya bustani?

Penye jua, au jua la nusu siku. Udongo uwe unapitisha maji na uwe na uchachu kidogo. Mrowani hupenda udongo mwepesi na huvumilia ulio maskini. Vitu viwili vinaushinda: maji yanayotuama kwenye mizizi, na udongo mwembamba uliokaa juu ya chokaa. Kipimo cha haraka ni hiki: chukua udongo mkavu kiganjani, utilie siki. Ukitoa povu, una chokaa nyingi, na hapo mwenzake, Sorbus aria, ndiye atakayekufaa.

Usiupande karibu na sehemu ya kuegesha gari wala juu ya njia ya vigae vyeupe. Matunda yakianguka huchafua, na ndege waliokula matunda huchafua zaidi.

Mizizi yake itavunja msingi wa nyumba?

Mizizi ya mrowani haina ukali wa mzambarau mkubwa wala mvinje. Acha mita 5 kutoka ukutani na utakuwa sawa. Kama nyumba imekaa kwenye udongo wa mfinyanzi unaosinyaa kiangazi, kama ilivyo sehemu nyingi za kusini mashariki mwa Uingereza, ongeza umbali, kwa sababu huko shida huletwa na mti kunyonya maji na udongo kujikunja.

Nipande lini na vipi?

Mche wa bei nafuu kuliko yote ni ule wa mizizi mitupu, unaong'olewa shambani ukiwa hauna majani. Uingereza huuzwa Novemba hadi Machi. Nchi za Nordiki, ambako ardhi huganda, subiri ardhi iyeyuke majira ya kuchipua, au panda mapema kabla ya majira ya baridi. Mche wa kwenye chungu unaweza kupandwa wakati wowote ardhi ikichimbika, ila ukiupanda Julai umejipa kazi ya kumwagilia.

Mche wa mizizi mitupu ukifika nyumbani, usiache mizizi ikaukie kwenye upepo hata kwa nusu saa. Ichovye kwenye ndoo ya maji wakati unachimba. Shimo liwe na kina cha mizizi yenyewe, si zaidi, lakini upana wake uwe mara mbili au tatu ya mizizi. Watu wengi hufanya kinyume: huchimba shimo refu jembamba, wakalijaza samadi chini, kisha udongo ukashuka na mti ukazama nao. Shina lililofunikwa udongo huoza polepole, na utaona madhara baada ya miaka kadhaa, ukiwa umeshasahau sababu. Tafuta pale shina linapotanuka na mizizi ya kwanza kutokea. Pale ndipo pawe sawa na uso wa ardhi.

Rudisha udongo uleule uliotoka shimoni. Usitie mbolea. Kanyaga kwa kisigino taratibu ili kusiwe na mapango ya hewa, kisha mwaga ndoo mbili za maji hata kama mvua inanyesha. Weka kijiti cha kuegemeza kilicho kifupi, theluthi moja ya urefu wa mche, na ufunge kwa kamba laini. Shina likiachwa liyumbe kidogo kwa juu hunenepa na mizizi hushika. Baada ya mwaka mmoja au miwili kiondoe.

Mwisho, ondoa nyasi kwenye duara la mita moja na utandaze matandazo ya vipande vya mbao au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi wazi kuzunguka shina. Nyasi zinazoachwa mpaka shinani hunyang'anya mche maji kuliko unavyodhani. Mimi ningependa mtu aache kila kitu kingine kwenye ukurasa huu akumbuke hili la nyasi na lile la kina cha shimo.

Nimwagilie kwa muda gani?

Majira mawili ya joto ya kwanza. Wiki isiyo na mvua, toa lita 20 kwa mara moja ili maji yashuke chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila jioni. Baada ya hapo mti unajitafutia wenyewe, isipokuwa kwenye ukame mrefu.

Naweza kuanzia kwenye mbegu?

Unaweza, na ni kazi ya kufurahisha, hasa kwa watoto, mradi wajue kuwa inadai subira. Mbegu ya mrowani imefungwa kwa kufuli la baridi. Usipoipitisha majira ya baridi, ya kweli au ya jokofuni, haioti.

Chuma matunda yaliyoiva Septemba. Yaponde, yaoshe kwenye maji mpaka nyama yote itoke, kwa sababu nyama hiyo ina vitu vinavyoizuia mbegu kuota. Changanya mbegu na mchanga wenye unyevu, weka kwenye mfuko wenye matundu madogo, uache kwenye joto la chumba wiki mbili hivi, kisha uweke chini kabisa ya jokofu kwa takriban miezi minne. Fungua mara kwa mara. Ukiona vijizizi vyeupe, panda mara moja. Njia ya wasio na haraka ni kupanda kwenye chungu wakati uleule wa Septemba, kukifunika kwa wavu kuzuia panya, na kukiacha nje. Nyingine zitaota majira ya kuchipua, nyingine zitangoja mwaka wa pili. Usimwage chungu kwa kukata tamaa.

Jua hili pia: mbegu za mrowani wa kawaida hutoa watoto wanaotofautiana, na mbegu ya 'Edulis' haikuhakikishii utamu. Ila Sorbus vilmorinii na Sorbus cashmiriana hutengeneza mbegu bila kuchanganya damu na mti mwingine, hivyo watoto hutoka sawasawa na mama.

Utaanza kuzaa baada ya miaka mingapi?

Uliobebeshwa huweza kuzaa ndani ya miaka michache. Uliotoka kwenye mbegu, hesabu miaka mitano hadi kumi, na kwenye kivuli zaidi.

Mwaka jana ulikuwa mwekundu mzima, mwaka huu hakuna kitu. Unaumwa?

Hapana. Mrowani huzaa kwa vipindi. Mwaka wa mavuno makubwa mti hutumia akiba yake, na kwa kuwa matumba ya maua ya mwaka ujao hujengwa majira hayohayo ya joto, mwaka unaofuata mara nyingi huwa na uhaba. Ajabu yake ni kwamba miti ya eneo zima hufanya hivyo pamoja. Wafini wana msemo kwamba mrowani haubebi mizigo miwili, wakimaanisha matunda na theluji, na wengine Skandinavia husema kinyume, kwamba matunda mengi yanabashiri majira makali ya baridi. Mti haujui ya mbele. Unaonyesha hali ya hewa ya mwaka uliopita na ya wiki zile za maua.

Kama mti wako haujawahi kuzaa vizuri hata mara moja ingawa unachanua, yawezekana upo peke yake. Mrowani wa kawaida hauchavushwi vizuri na chavua yake wenyewe. Mijini hili ni nadra kwa sababu mirowani ya barabarani ni mingi, lakini kijijini, penye nyumba moja moja, panda wa pili.

Maua yananuka. Ni kawaida?

Ndiyo. Harufu ni nzito, wengine hawaipendi, na huvutia nzi pamoja na nyuki. Hudumu wiki mbili hivi. Usiupande chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Matunda yanaliwa au ni sumu?

Swali hili huja kwa hofu, na majirani huchangia kwa kusema kwa mkato kwamba ni sumu. Tunda bichi lina asidi ya parasobiki, inayoudhi tumbo. Mtu akila mengi atachefuchefuka, atatapika au kuharisha. Ukilipika au kuligandisha, asidi hiyo hubadilika kuwa asidi ya sobiki, isiyo na madhara. Mwanakemia A. W. von Hofmann aliitoa asidi ya sobiki kwa mara ya kwanza mwaka 1859, kutoka kwenye mafuta ya matunda haya, na leo iko kwenye jibini, mikate na vinywaji vingi dukani kama kihifadhi chenye namba E200. Sukari ya sobitoli, ile ya kwenye dawa ya meno na bazoka zisizo na sukari, nayo iligunduliwa kwenye tunda la mrowani, na Mfaransa Joseph Boussingault mwaka 1872. Kwa hiyo hata wewe unayesema hutaligusa umeshakula vilivyoanzia humo.

Ladha ni chachu na chungu. Baridi ya kwanza ya usiku hupunguza uchungu, na anayechuma mapema huweka kwenye friza siku kadhaa. Tunda lina vitamini C nyingi, na watu wa kaskazini walilitumia zamani kujikinga na kiseyeye.

Mbegu zina kemikali zinazoweza kutoa sianidi, kama mbegu za tufaha. Ni kidogo, lakini usisage tunda zima kwenye blenda. Chuja.

Kabla ya kuchuma porini, hakikisha umeshika mti wenyewe. Majani yawe yamepishana tawini, yenye vijani vingi vyenye meno. Matunda yawe kwenye vishada vipana, na kila tunda liwe na alama ya nyota ndogo ya pembe tano chini yake. Mti wa yew, wenye majani kama sindano na kitunda chekundu kilicho wazi upande mmoja, unaua. Arum maculatum, wenye matunda mekundu kwenye kibua karibu na ardhi, nao ni sumu. Mwonyeshe mtoto yote mitatu, umfundishe tofauti.

Jeli yake inatengenezwaje?

Kilo moja ya matunda yaliyotolewa vikonyo, kilo moja ya matufaha machachu. Matufaha ndiyo yanayoleta pektini ya kugandisha, yakate na maganda na kokwa zake. Tia maji yafunike tu. Chemsha kwa moto mdogo mpaka kila kitu kilainike, kama dakika 30 hadi 40, ukiponda kwa mwiko. Karafuu mbili tatu zikichemka humo hazidhuru kitu.

Mimina kwenye kitambaa safi cha kuchujia, kitundike juu ya bakuli, ulale. Usikamue kama unavyokamua tui, la sivyo jeli haitang'aa. Asubuhi pima maji yaliyotoka: kwa kila mililita 600 weka gramu 450 za sukari. Yeyusha taratibu, kisha chemsha kwa nguvu mpaka nyuzi 105. Huna kipimajoto? Dondosha tone kwenye sahani iliyotoka kwenye friza. Ukilisukuma kwa kidole likajikunja, tayari. Jaza chupa zilizochemshwa, zikiwa bado moto.

Skotlandi jeli hii huliwa na nyama ya kulungu. Jaribu na mbuzi wa kuchoma au kondoo wa oveni. Uchungu wake mdogo hukata mafuta vizuri sana. Kwa Waislamu: jeli hii ya nyumbani haina kileo, lakini kuanzia Cheki hadi Urusi matunda haya huwekwa kwenye pombe kali, kwa hiyo bidhaa ya dukani soma lebo.

Ndege wamemaliza yote kabla sijachuma. Nifanye nini?

Chuma sehemu yako mapema, uiweke friza, nyingine waachie. Ndege wa jamii ya mikesha wanaokimbia baridi ya Skandinavia hufika Uingereza Oktoba na Novemba wakiwa na njaa, na mrowani ni miongoni mwa meza zao za kwanza. Miaka ambayo matunda yanakosekana kaskazini, huja hata makundi makubwa ya Bombycilla garrulus, ndege mwenye kishungi na ncha nyekundu kama nta kwenye mabawa, na utawaona kwenye mirowani ya maegesho ya maduka makubwa, watu wakisimama na kamera. Ukitaka matunda yadumu mtini, chagua yenye rangi ya manjano, waridi au nyeupe. Kwa kawaida ndege humaliza mekundu kwanza.

Nina matufaha. Mrowani utayaletea wadudu?

Swali zuri, hasa kwa walioko Norwei, Uswidi na Ufini. Kuna nondo mdogo, Argyresthia conjugella, anayetaga kwenye matunda ya mrowani. Mrowani ukizaa vizuri, nondo hana haja na tufaha lako. Tatizo ni mwaka wa uhaba unaofuata mwaka wa neema: nondo ni wengi, mirowani haina kitu, basi wanahamia kwenye matufaha na funza hutoboa vijinjia vyembamba ndani. Ndiyo maana wakulima wa matufaha wa Norwei hutangaziwa utabiri wa nondo huyu kila mwaka, kwa kuhesabu maua na matunda ya mirowani. Kuukata mrowani wako mmoja hakusaidii, misitu yote ya jirani imejaa. Fuatilia utabiri, na mwaka mbaya funika mti mdogo wa tufaha kwa wavu wa wadudu maua yakishaanguka.

Majani yana madoa, au matawi yanakauka. Ni ugonjwa gani?

Madoa ya rangi ya chungwa majira ya joto ni kutu, inayohamia kutoka kwenye vichaka vya juniper. Haina uzito, wala vijipele vya wadudu wadogo sana wanaovimbisha jani havina uzito. Acha.

Cha kuogopa ni Erwinia amylovora, bakteria wa ule ugonjwa nilioutaja kwenye 'Joseph Rock'. Maua na majani ya tawi hunyauka ghafla, hugeuka kahawia na kubaki yamening'inia kama yameunguzwa na moto, na ncha ya tawi hujikunja. Kata siku hiyohiyo, angalau sentimita 60 chini ya pale palipoharibika, ukipangusa mkasi kwa spiriti kila baada ya kukata, na uchome au utupe mbali. Baadhi ya nchi zinakutaka utoe taarifa kwa mamlaka ya afya ya mimea, ulizia kwenu.

Wengine huuliza kama ule ukungu unaoua miti ya ash kote Ulaya utaumaliza na mrowani. Hautaumaliza. Ash ni Fraxinus, ukoo mwingine kabisa, hata kama majani yanafanana kwa mbali.

Kupogoa je?

Kidogo sana. Majira ya baridi mti ukiwa umelala, toa matawi yaliyokufa na yanayosuguana, basi. Uliobebeshwa ukitoa machipukizi chini ya kiungo, yang'oe, la sivyo shina la chini litaimeza aina uliyoilipia. Penye kulungu, zungushia mche wavu wa urefu wa mtu. Wanaupenda mrowani mno, na katika Highlands za Skotlandi mirowani michanga mingi iliyosalimika ni ile iliyoota kwenye nyufa za miamba wasikofika.

Nimenunua nyumba yenye mrowani mzee mlangoni. Jirani anasema nisiukate, ni mkosi.

Skotlandi na Ayalandi mrowani ulipandwa mlangoni kuzuia wachawi, na vijiti vyake vilifungwa msalaba kwa uzi mwekundu kulinda watu na ng'ombe. Katika hadithi za kale za Wanorse, watu wa Skandinavia ya zamani, mungu wa radi Thor alinusurika kwenye mto Vimur kwa kushika mrowani. Pita leo kwenye mahame ya Highlands, vijiji ambavyo watu walifukuzwa ardhini karne ya 18 na 19, na mara kwa mara utakuta mrowani umesimama pale palipokuwa na mlango, kama mibuyu inavyobaki kwenye mahame ya pwani yetu.

Huhitaji kuamini mkosi ili umheshimu jirani. Uliza sheria pia. Uingereza mti unaweza kuwa na hati ya ulinzi, na kwenye maeneo ya hifadhi ya majengo unatakiwa kuipa halmashauri taarifa ya wiki sita kabla ya kukata mti ambao shina lake linazidi milimita 75 kwa kipenyo, likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini. Na kati ya Machi na Agosti kuna viota.

Naweza kuupeleka Tanzania au Kenya?

Pwani, bara la joto, kando ya ziwa, hapana. Mti huu unahitaji miezi ya baridi ya kweli ili matumba yake yaamke, na mbegu zake vilevile. Kubeba mbegu au miche kwenye begi bila cheti cha afya ya mimea ni kosa, na kuna sababu: magonjwa ya matufaha na peasi husafiri na jamaa zake. Kama una shamba Limuru, Lushoto au Njombe na unataka mti wa ndege, panda Prunus africana. Gome lake limevunwa kupita kiasi kwa ajili ya dawa za tezi dume mpaka biashara yake ikawekewa udhibiti wa kimataifa, na kila mche unaopandwa una maana.

Nimepanga, na huenda nikahama. Nisubiri?

Usisubiri. Sorbus vilmorinii huishi miaka mingi kwenye chungu cha lita 50, chenye udongo mzito wa miti na matundu ya kutoa maji. Majira ya baridi kali funga chungu kwa gunia au blanketi kuukuu, kwa sababu mizizi iliyo chunguni huganda kuliko iliyo ardhini. Mche uliokwisha kupandwa ardhini huweza kuhamishwa katika miaka miwili mitatu ya mwanzo, ukiwa hauna majani, kwa kuchimba bonge pana la udongo. Ukishazidi hapo uache pale ulipo, uchume kishada kimoja kwa ajili ya mbegu, na umwambie mpangaji anayekuja ni lini ulipandwa na unahitaji maji mpaka lini.